Kurudi kwa Mfalme: filme ya mambo ya kubuni mbele ya waamuzi

I. Jambo linaloulizwa

Tarehe 29 Februari 2004, katika mji wa Los Angeles nchini Marekani, filme iitwayo The Return of the King, ni kusema Kurudi kwa Mfalme, ilipewa zawadi 11 za Oscar. Ilikuwa imependekezwa kwa zawadi 11, ikazipata zote. Mbele yake filme mbili tu zilikuwa zimefikia hesabu hiyo: Ben-Hur ya mwaka 1959, iliyopendekezwa kwa zawadi 12, na Titanic ya mwaka 1997, iliyopendekezwa kwa 14. Kurudi kwa Mfalme peke yake iliondoka bila kukosa hata moja.

Waamuzi wa zawadi hiyo walikuwa na desturi yao. Filme za mambo ya ajabu walizisifu kwa ufundi, lakini zawadi ya kwanza, ile ya filme bora, waliwapa wengine. Hivyo The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ilishindwa na Gone with the Wind; Star Wars ya mwaka 1977 ilishindwa na Annie Hall; E.T. ya mwaka 1982 ilishindwa na Gandhi. Mwaka 2004 mlango ulifunguliwa kwa mara ya kwanza mbele ya hadisi ya wafalme, majitu na pete yenye nguvu.

Je, ilistahili? Wengine wasema ndiyo, kwa sababu ya majeshi makubwa na fedha nyingi zilizotumiwa. Wengine wasema hapana, kwani hadisi ya namna hiyo ni ya watoto, na watu wazima hupaswa kusifu mambo yaliyotokea kweli. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepita kando ya sababu yenyewe. Filme hii ilistahili zawadi ya kwanza kwa kuwa ilithubutu kuonyesha shujaa anayeshindwa katika saa ya mwisho, na kuonyesha kwamba kilichookoa wote ni huruma iliyotendwa zamani, wakati ilipoonekana kuwa upumbavu.

Jambo hili latuhusu sisi tunaohubiri na kufundisha. Bwana wetu alifundisha kwa mifano, na hakuna aliyemwuliza Msamaria yule alizaliwa kijiji gani, ao mwana mpotevu alikuwa wa ukoo gani. Hadisi ya kubuni inaweza kubeba kweli. Wazee wetu, waliotufundisha akili kwa hadisi za sungura na simba, walilijua hilo bila kusoma filosofia.

II. Hadisi kwa ufupi

Hadisi ilitoka katika kitabu cha Mwingereza J.R.R. Tolkien, kilichotolewa kwa sehemu tatu katika miaka 1954 na 1955. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Baba yake alikufa angali mtoto mdogo. Mama yake aliingia katika Kanisa Katoliki mwaka 1900, akafa mwaka 1904, na mtoto akawa chini ya ulinzi wa padri mmoja wa Oratorio ya Birmingham, Padri Francis Morgan. Baadaye alipigana katika vita ya Somme mwaka 1916, akawa profesa Oxford, na mwana wake mmoja akawa padri. Mwaka 1953 alimwandikia rafiki yake Mjesuiti, Padri Robert Murray, kwamba kitabu chake katika msingi wake ni kazi ya dini na ya Kikatoliki, ijapo ndani yake hamna kanisa wala ibada.

Sauron, mtawala wa giza wa nchi ya Mordor, alifua Pete ili awatawale wote. Pete hiyo haiwezi kuharibiwa ila katika mlima wa moto ilikofuliwa. Anayeibeba ni Frodo, wa taifa la Wahobiti, watu wafupi wanaopenda shamba, chakula na amani. Anakwenda na Sam, mtunza bustani wake. Pamoja nao anatambaa Gollum, aliyekuwa na Pete hiyo zamani, na ambaye sasa amebaki ngozi na mifupa na tamaa. Wakati huohuo Gandalf, mzee wa hekima, na Aragorn, mrithi wa ufalme wa Gondor, wanautetea mji wa Minas Tirith ili macho ya adui yasigeuke upande wa mlima.

III. Kazi ya mikono

Tuanze na kazi, kwani zawadi hupewa kazi kwanza. Peter Jackson, mtu wa Nyuzilandi, alipiga picha za filme zote tatu za hadisi hii kwa mfululizo katika nchi yake, tangu Oktoba 1999 hata Desemba 2000. Kisha zilitolewa moja moja, kila Desemba, miaka 2001, 2002 na 2003. Maandiko aliyaandika pamoja na Fran Walsh na Philippa Boyens. Mafundi walijenga miji kwa mifano midogo, wakafua silaha, wakaunganisha kwa mikono vipete visivyohesabika ili kufanya mavazi ya vita. Kwa majeshi makubwa walitumia programu ya ordinatere iitwayo Massive, iliyowafanya askari wa picha waende na kupigana kila mmoja kwa namna yake, wasifanane kama mchwa.

Lakini ufundi bila shabaha ni kelele. Hapa ufundi unatumikia hadisi. Mtazame Gollum. Mwili wake ni kazi ya ordinatere, lakini mwenendo, sauti na uso vimetoka kwa mchezaji Andy Serkis, aliyecheza mbele ya wenzake kama wachezaji wengine. Hivyo kiumbe ambacho hakipo kinatutazama kwa macho ya mtu mwenye dhambi, nasi twamchukia na kumhurumia kwa mara moja. Kama Gollum angekuwa kinyago tu, hadisi yote ingeanguka, kwani mwisho wake wategemea huruma hiyo.

Tazama pia mioto ya kuita msaada. Pippin, Mhobiti mdogo, anawasha moto juu ya Minas Tirith kwa siri. Moto wa kilima kimoja waona mwingine, nao wajibu. Na hivyo kutoka kilele hata kilele, juu ya theluji na mawingu, mpaka nchi ya Rohan. Kwa muda mrefu hakuna anayesema neno; yasikika muziki wa Howard Shore tu. Wale waliosikia ngoma ya kijiji kimoja ikiitikiwa na ngoma ya kijiji kingine usiku watafahamu upesi: hii ni picha ya watu waliokuwa wametengana wakikumbuka kwamba wana agano. Filme inayoweza kusema hayo bila maneno inajua kazi yake.

IV. Shujaa anayeshindwa

Sasa twafika kwenye kiini. Filme hii ya mfalme haianzi na mfalme. Yaanza na watu wawili wakivua samaki mtoni. Mmoja, Déagol, aokota pete. Mwenzake, Sméagol, aitaka, na kwa kuwa amenyimwa, amnyonga rafiki yake kwa mikono yake. Ni Kaini na Abeli penye maji. Huyo Sméagol ndiye atakayeitwa Gollum. Jackson ametuonyesha mapema kwamba uovu mkubwa wa dunia hauanzi na majeshi, bali na mkono mmoja usiotaka kuachilia.

Halafu twamfuata Frodo saa tatu nzima. Ni mtu mwema. Hakuitafuta Pete, aliipokea kama mzigo. Amekonda, hakumbuki tena ladha ya chakula wala rangi ya majani. Sam ambeba mgongoni ili kumpandisha mlima. Hawezi kuichukua Pete kwa niaba yake, lakini aweza kumchukua mwenye Pete. Wahenga husema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hapo mtazamaji wa kawaida asema moyoni: sasa atashinda.

Hashindi. Akiwa penye ukingo wa moto, mbele ya Sam anayemlilia aitupe, Frodo ageuka na kusema kwamba Pete ni yake. Aivaa. Katika filme nyingi za mashujaa, mtu mwema hupata nguvu dakika ya mwisho kutoka moyoni mwake mwenyewe, naye aonekana kama mwokozi wa nafsi yake. Kurudi kwa Mfalme yakataa uongo huo. Nguvu za mtu zina mpaka, na Frodo ameufikia.

Kisha Gollum amrukia, amwuma kidole na kukikata pamoja na Pete, na mwisho aanguka nayo motoni. Basi swali: kwa nini Gollum alikuwa hai hata saa ile? Kwa sababu Bilbo, mjomba wa Frodo, zamani aliweza kumwua asimwue. Katika filme ya kwanza, ndani ya mapango ya Moria, Frodo alisikitika kwamba Bilbo hakummaliza, na Gandalf alimkemea, akamwambia kwamba huruma ile ndiyo iliyozuia mkono, na kwamba huenda ikaamua mambo ya wengi. Baadaye Frodo mwenyewe alimhurumia Gollum, hata Sam akamwona mjinga. Kwa macho ya vita, hao wote walikosa akili. Walimwacha adui hai nyuma yao. Lakini kama wangalimwua, Pete isingaliharibiwa, na Frodo angalikuwa mtumwa wake. Wazee husema: wema hauozi. Filme hii yatuonyesha wema uliokaa ardhini miaka mingi kama mbegu, ukachipuka siku ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu tena.

Yule anayejua katekisimu atatambua jina la jambo hili. Tolkien naye aliweka alama ndogo kwa wenye macho: katika kitabu, Pete yaharibiwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa lakumbuka Malaika kumpasha Maria habari. Jackson hakufanya filme ya dini, wala hatumdai hivyo. Lakini alipokuwa na nafasi ya kumtengeneza Frodo awe shujaa wa kawaida anayeitupa Pete kwa mkono wake, hakufanya hivyo. Hiyo ndiyo heshima yake.

V. Vita na kilio chake

Wako wanaosema filme hii yaipenda vita. Yatosha kutazama mambo mawili.

La kwanza ni Denethor, mtunza kiti cha Gondor. Amempoteza mwana aliyempenda, na mwana wa pili, Faramir, hampendi. Amtuma na wapanda farasi kuurudisha mji uliokwisha kutekwa, na wote wajua kwamba watakufa. Wakati wanapokwenda, baba aketi mezani akila, na amwamuru Pippin amwimbie. Twaona kwa zamu: farasi wanaokimbilia mishale, mdomo wa baba unaotafuna, maji mekundu ya tunda yanayoshuka kidevuni, na sauti nyembamba ya Mhobiti. Damu ya vita hatuioni. Twaona tunda tu. Hatujui mahubiri mengi juu ya wakubwa wanaopeleka vijana kufa ambayo yamefika mbali kuliko dakika hizo chache. Nasi katika nchi hii hatuhitaji kuelezwa jambo lenyewe.

La pili ni siku ya kumvika mfalme taji. Wahobiti wanne wataka kumwinamia. Aragorn awazuia, naye mwenyewe awapigia magoti, na watu wote wa mji pamoja naye. Wakuu wapiga magoti, na wadogo wanne wabaki wamesimama, wakiona haya. Anayesali Magnificat kila jioni hatauliza maana yake.

VI. Mashaka na majibu

1. Filme imejaa uchawi. Yawezaje kusifiwa na Wakristo? Hapa twapambanua, kama walimu wetu walivyotuzoeza. Kwetu neno uchawi si mchezo. Limevunja jamaa na kuwaumiza wazee na watoto wasio na kosa. Basi mkatekista ana haki ya kuuliza. Lakini tuangalie uchawi wenyewe ni nini katika hadisi hii: ni kutaka nguvu ya kuwatawala wengine bila haki na bila kazi. Pete ndiyo tamaa hiyo. Na hadisi yote ni safari ya kwenda kuiharibu, si kuitumia, hata kwa kusudi jema. Gandalf alipoonyeshwa Pete alikataa hata kuigusa. Hii si filme ya kufundisha uchawi, bali ya kuuhukumu.

2. Mwisho wake ni mrefu. Yamalizika mara nyingi. Kweli filme yaendelea saa 3 na dakika 21, na baada ya ushindi yaonyesha kuamka, taji, kurudi nyumbani, arusi ya Sam, na safari ya merikebu. Wengi walichoka. Sisi twajibu kwamba bila sehemu hiyo filme ingekuwa ya ushindi tu. Frodo arudi kwao, kila kitu kiko sawasawa, majirani wanywa pombe kama zamani, ila yeye hawezi tena kukaa. Jeraha lake haliponi. Aliiokoa nchi, lakini si kwa ajili yake mwenyewe. Waliorudi kutoka vitani wanalijua jambo hili, na padri anayewasikiliza alijue naye.

3. Filme imebadili kitabu. Imebadili, na mara nyingine vibaya. Frodo amfukuza Sam kwa ulaghai wa Gollum juu ya ngazi za Cirith Ungol. Katika kitabu hakumfukuza, na twaona jambo hilo halifanani na urafiki wao. Jeshi la wafu lamaliza vita ya Minas Tirith upesi mno, hata ushujaa wa walio hai wapungua. Tena, katika kitabu Gollum aanguka peke yake katika furaha yake, lakini katika filme yeye na Frodo washindania Pete penye ukingo. Hapo Jackson aliogopa kidogo kuiacha huruma ifanye kazi yake peke yake. Ni kasoro ya kweli, katika mahali pa maana kuliko pote. Lakini haikuharibu msingi: Frodo ashindania Pete aipate, si aitupe.

4. Na watu wa kusini? Hili ni shaka letu wenyewe, na hatutalifunika. Katika filme hii watu wema ni weupe, na mataifa ya kusini, yanayokuja juu ya tembo wakubwa, yako upande wa giza bila uso na bila neno. Mwafrika anayetazama ajiuliza amewekwa wapi. Kitabu kinatoa jibu dogo lakini zuri: Sam amwona askari wa kusini aliyekufa, ajiuliza jina lake ni nani, na kama kweli alikuwa na moyo mbaya ao alidanganywa tu atoke kwao. Katika filme ya pili mawazo hayo yametiwa kinywani mwa Faramir, lakini katika ile ndefu iliyotolewa baada ya masinema. Katika filme ya tatu hatukuyapata. Filme inayohubiri huruma kwa Gollum ingaliweza kumpa mtu wa kusini dakika moja ya huruma hiyohiyo. Twalisema hili kwa sababu twaipenda kazi hii, wala hatutaki waseminari waipende wakiwa wamefumba macho.

5. Waamuzi walizawadia filme tatu kwa jina la moja. Huenda ni hivyo. Ile ya kwanza ilipendekezwa mara 13 ikapata 4. Ya pili ilipendekezwa mara 6 ikapata 2. Zote mbili zilinyimwa zawadi ya kwanza. Lakini hii si dhuluma. Filme tatu zilipigwa kama kazi moja, na maana ya huruma iliyonenwa katika ile ya kwanza haikuonekana ila katika ile ya tatu. Hakimu mwenye akili hungojea shahidi wa mwisho. Sisi twalaumu jambo jingine: kati ya zawadi zile 11 hakuna hata moja ya wachezaji, wala hakuna mchezaji hata mmoja aliyependekezwa. Sean Astin aliyemcheza Sam, na Andy Serkis aliyemcheza Gollum, ndio waliobeba moyo wa filme, walistahili kutajwa.

VII. Mwisho wa neno

Zawadi ya Oscar si kutangazwa mtakatifu. Ni hukumu ya watu wa sinema juu ya kazi ya wenzao, nao wamekosea mara nyingi. Mwaka ule, kwa maoni yetu, hawakukosea. Walikuwa na filme nyingine nne zilizopendekezwa, zote za watu wa kawaida ao za mambo yaliyoweza kutokea, na baadhi yake ni nzuri sana. Wakachagua ile ya mambo yasiyopata kuwako, na ndani yake mlikuwa na kweli iliyo ngumu kuliko zote kuonyeshwa kwa picha: kwamba mtu hajiokoi mwenyewe.

Baba Mtakatifu Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alitaka Wakristo wafundishwe kutazama sinema kwa akili, wala si kuikimbia ao kuimeza tu. Basi anayetaka kuionyesha filme hii katika seminari ao parokia asiwaache watu watoke wakisimulia tembo na panga peke yake. Awaulize swali moja: nani aliiharibu Pete? Wengi watasema Frodo. Wachache watasema Gollum. Awangoje mpaka mmoja amtaje Bilbo, ambaye siku ile hakuwako kabisa mlimani, lakini zamani, gizani, bila mtu kumwona, aliushusha upanga wake.